Jinsi ya kuanzisha kikundi cha wapenda ufundi chuma na kumfundisha anayeanza

Mtu anayefanya kazi ya chuma kwa kujifurahisha mara nyingi huwa peke yake. Ana kona ya banda, jiliwa moja la kubania chuma, grenda, na rundo la vyuma chakavu ambalo watu wa nyumbani wamechoka kuliona. Anachokijua amekipata kwa kutazama video na kuharibu vitu. Njia hiyo hufika mahali ikakwama, kwa sababu video haiuoni mkono wako. Haikwambii kwamba umeishika nyundo karibu mno na kichwa, wala kwamba unairudisha tupa ikiwa bado imekandamiza chuma. Fundi aliyesimama kando yako huyaona hayo kabla hujamaliza pumzi moja.

Kukutana ili kupeana ujuzi si jambo jipya. Society of Model and Experimental Engineers ya London ilianzishwa mwaka 1898 na watu waliopenda kuunda mashine ndogo kwa mikono yao. Nchini Marekani, wahunzi wachache walikutana Lumpkin, jimbo la Georgia, mwaka 1973 wakaunda chama chao, ABANA. Nyinyi hamhitaji ukubwa huo. Watu watatu, moto mmoja na makubaliano machache vinatosha kuanzia.

Nianze na lile ninaloliona kuwa kubwa kuliko mengine. Vikundi hivi hufa pale wajuzi wanapofanya kazi na wanagenzi wanabaki kutazama. Mgeni akija mara mbili akaondoka mikono ikiwa safi, hatakuja mara ya tatu. Hatua zote zinazofuata zinalenga kumfanya ashike nyundo mapema, bila kuumia.

Hatua ya 1: Tafuta watu kabla ya vifaa

Anza na wawili au watatu wanaojua kitu, hata kama ni kitu kimoja. Mmoja anafua, mwingine anachomelea vizuri, wa tatu alifanya kazi ya tupa na jiliwa miaka mingi kiwandani na sasa amestaafu. Huyu wa tatu mtafuteni kwa bidii. Wastaafu wa karakana wana ujuzi ambao haujaandikwa popote, na wengi wao hawajawahi kuombwa waufundishe. Wanaouza vyuma huwa wanawafahamu watu wa namna hii, na walimu wa vyuo vya ufundi pia.

Mkikutana mara ya kwanza msifanye kazi yoyote. Chukueni daftari, kila mmoja ataje mambo matatu: anachoweza kufundisha, anachotaka kujifunza, na kifaa alicho nacho ambacho yuko tayari wengine wakitumie. Orodha hiyo ndiyo itakayopanga miezi yenu ya mwanzo. Mara nyingi mtagundua kwamba vifaa mnavyo tayari, ila vimetawanyika katika mabanda ya watu mbalimbali.

Hatua ya 2: Chagueni mahali

Kufua na kuchomelea kunahitaji hewa inayopita. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu ndani ya vyumba vilivyofungwa. Paa lisilo na kuta, au banda lenye milango miwili mikubwa inayotazamana, linafaa kuliko chumba kizuri chenye dirisha moja. Sakafu iwe ya udongo, zege au matofali. Maranda, mafuta, magunia na majani makavu yaondolewe. Viwango vya usalama vinavyotumika sana kwa kazi za moto hutaka mita 11 hivi zisizo na kitu kinachoshika moto kuzunguka mahali cheche zinaporuka, na aliyewahi kuona cheche za grenda zikikimbia sakafuni hatashangaa.

Mwanga ni jambo ambalo wengi hulisahau. Mhunzi husoma joto la chuma kwa rangi yake, na jua kali huificha rangi hiyo. Chuma kinachoonekana cheusi juani kinaweza kuwa chekundu kivulini. Wekeni moto kwenye kivuli kizito, na jiliwa la kazi ya tupa mahali penye mwanga mwingi.

Kisha zungumzeni na majirani kabla ya siku ya kwanza, maana nyundo juu ya fuawe, kile chuma kizito cha kufulia, husikika mbali. Kupatana saa za kazi mapema ni rahisi kuliko kuomba radhi baadaye.

Hatua ya 3: Kanuni chache zisizopindwa

Orodha ndefu ya usalama haisomwi. Andikeni kanuni chache, mzibandike ukutani, na asiyezifuata asimame nje hata kama ndiye fundi mkubwa kuliko wote.

Miwani ya usalama huvaliwa na kila aliye ndani, watazamaji wakiwemo, kwa kuwa kipande kinachoruka hakimchagui mshika nyundo. Nguo ziwe za pamba au ngozi. Nailoni na poliesta huyeyuka na kung'ang'ania ngozi. Viatu vifunike mguu wote, na suruali ishuke nje ya buti, maana ikichomekwa ndani cheche huwa zimepata mfuko wa kuingilia.

Kwenye mashine ya keekee, yaani ya kutobolea, glovu huvuliwa. Biti ikiishika glovu huuvuta na mkono. Nywele ndefu hufungwa, mikono ya shati hukunjwa. Kipande kinachotobolewa hubanwa, hakishikiliwi kwa vidole.

Kinga ya diski ya grenda haitolewi kamwe. Soma kasi iliyoandikwa kwenye diski na kasi ya mashine: ya diski isiwe ndogo kuliko ya mashine. Diski ya milimita 115 kwa kawaida huruhusu mizunguko 13,300 kwa dakika, na kuifunga kubwa zaidi kwenye mashine hiyohiyo kwa kutoa kinga ni kutafuta msiba. Diski iliyoanguka au yenye ufa hutupwa.

Vyuma vilivyopakwa zinki havitiwi motoni. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za selsiasi, chini ya joto la kufulia, na mafusho yake huleta homa, kutetemeka na kichefuchefu saa kadhaa baadaye. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, na kromu nayo ina sumu yake. Chuma kilichosafishwa kwa kemikali zenye klorini kisichomelewe: mwali wa umeme unaweza kuzigeuza kuwa fosjini, gesi iliyotumika kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Mapipa na matangi yaliyowahi kubeba mafuta hayakatwi wala kuchomelewa na mtu yeyote kikundini, hata yakionekana makavu.

Iliyobaki ni kanuni inayookoa vidole vingi kuliko zote. Chuma huacha kung'aa kinaposhuka chini ya nyuzi 500 hivi, na kuanzia hapo kwenda chini kinaonekana kama chuma baridi kabisa. Kwa hiyo kilicho sakafuni hakiokotwi. Kilicho mezani husogezewa nyuma ya kiganja kwanza, bila kukigusa, na joto likisikika huachwa. Vipande vilivyotoka motoni viwe na sehemu yao moja, iliyoandikwa kwa chaki MOTO.

Mtu akiungua, jeraha liwekwe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu hapana, dawa ya meno hapana, mafuta hapana. Ndoo za maji, mchanga, kizima moto na sanduku la huduma ya kwanza viwe mahali ambapo hata mgeni anavifikia bila kuuliza.

Hatua ya 4: Vifaa vya kuanzia

Kijana mmoja akiambiwa anahitaji fuawe halisi ya kilo mia, anarudi nyumbani. Mwambieni ukweli: kipande cha reli kinatosha, na kikisimamishwa wima kinafanya kazi vizuri zaidi kuliko kikilazwa, kwa kuwa uzito wote unakaa chini ya pigo. Kifungeni kwenye gogo zito. Uso wake ufike usawa wa vifundo vya ngumi ya anayesimama mikono ikining'inia. Kwa kuwa watu hawalingani urefu, wekeni mbao za kukanyagia kwa wafupi.

Nyundo ya gramu 800 hadi kilo moja inamtosha anayeanza. Nyundo nzito humchosha, na mkono uliochoka hupiga kombo. Laini kingo za uso wake kwa tupa na msasa, la sivyo kila pigo lililoinama litaacha kovu la nusu mwezi kwenye kazi. Ongezeni koleo mbili zinazoshika vizuri, brashi ya waya, jiliwa imara, msumeno wa chuma, na tupa zenye mipini. Tupa isiyo na mpini ni mkuki unaoelekea kiganja chako.

Moto wenyewe unaweza kuwa matofali yaliyopangwa, bomba la chuma linaloingiza hewa kutoka ubavuni, na mvukuto au feni ndogo. Makaa ya mti huwaka safi na yanafaa kwa mafunzo, ingawa huisha upesi. Mwanagenzi afundishwe tangu mwanzo kuweka chuma katikati ya moto, makaa yakiwa juu na chini yake. Akikichomeka chini kabisa, karibu na mdomo wa hewa, upepo ambao haujatumiwa na moto utakila.

Kuhusu vyuma chakavu, tumieni msivyovijua kwa mazoezi tu. Springi bapa za magari zina kaboni nyingi, kwa kawaida karibu asilimia 0.6, na ukizichovya kwenye maji zikiwa nyekundu zinaweza kupasuka. Chuma laini cha kawaida kina kaboni isiyozidi asilimia 0.25 hivi, na hicho ndicho mgeni apewe. Nunueni fito mpya za mraba za milimita 10 kwa ajili ya somo la kwanza. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na saa zinazopotea mtu akipigana na nondo ngumu asiyejua imetoka wapi.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, kulabu moja

Moto mmoja, mwalimu mmoja, wanagenzi wawili. Wanagenzi watatu wakikusanyika hapo, mmoja ataanza kuchezea simu. Wengine wawe kwenye jiliwa na tupa, kisha wabadilishane.

Kazi ya kwanza iwe kulabu ya ukutani. Visu visubiri, ingawa karibu kila anayekuja anataka kisu. Kisu kina makosa yaliyojificha: kinaweza kuonekana kizuri na kuvunjika kesho. Kulabu haifichi kitu, na ndani yake kuna kunyoosha, kukunja, kubapa na kutoboa.

Kata fito ya milimita 10 yenye urefu wa sentimita 30, ili mwanagenzi aweze kuishika kwa mkono bila koleo. Hilo pekee humwondolea nusu ya hofu. Weka alama sentimita 3 kutoka ncha moja. Kihesabu, piramidi hubeba theluthi ya ujazo wa mche wenye kitako na urefu uleule, kwa hiyo sentimita hizo 3 zikichongoka kabisa zitakuwa karibu 9. Mwonyeshe hesabu hiyo kabla ya kupiga, kisha apime baada ya kazi. Wengi hushangaa kwamba chuma hakijapotea, kimehama tu.

Ncha ipashwe hadi rangi ya chungwa inayoelekea njano, nyuzi 1,000 hadi 1,150 hivi. Ikianza kurusha cheche nyeupe, inaungua na haiponi, hiyo ikatwe. Ailaze kwenye ukingo wa mbali wa fuawe, ainue kidogo mkono unaoshika fito, na nyundo iiname kwa kiasi hichohicho. Apige, azungushe robo, apige, arudishe. Pande mbili tu zinapigwa, nyingine mbili zinapigwa na fuawe yenyewe.

Hapa ndipo kila mtu anapokosea, na kosa ni lilelile: anataka umbo la duara mapema. Chuma cha duara kinachochongwa kwa kupigwa ovyo hupasuka katikati. Mfuatano ni mraba kwanza mpaka ncha iwe nyembamba inavyotakiwa, kisha pembe nne zigongwe kidogo iwe na pande nane, kisha ndipo iviringwe. Fito ikigeuka umbo la almasi, asiendelee; ailaze kwenye pembe zake ndefu na kuirudisha mrabani kwanza.

Rangi ikishuka hadi nyekundu iliyofifia, arudi motoni. Kupiga chuma kinachopoa ni kazi mara tatu na nyufa juu yake. Mwanagenzi huona aibu kurudi motoni mara kwa mara, kama vile ni udhaifu. Mwambie hata fundi mzoefu hurudi, ila kila joto analitumia vizuri zaidi.

Ncha ikiwa tayari, aikunje mkia mdogo kwa kuitokeza nje ya ukingo na kuipiga kuelekea kwake. Kisha apashe sehemu iliyo nyuma yake na kuikunja upande wa pili juu ya bomba nene, ili mkia utazame nje na kulabu itazame juu. Upande wa pili wa fito ukatwe kwa urefu unaotakiwa, na hapa koleo zinaingia kazini: mwisho ubapwe mpaka ufanane na jani, ukishapoa utobolewe kwa biti ya milimita 5. Wakati wa kumalizia, kulabu ipigwe brashi ya waya ikiwa ya moto, na ikishapoa kiasi cha nta ya nyuki kuyeyuka juu yake na kutoa moshi kidogo bila kuwaka, ipakwe nta.

Aondoke nayo. Hata ikiwa imepinda.

Hatua ya 6: Mjuzi aiweke mikono yake nyuma

Kujua kufua na kujua kufundisha kufua ni mambo mawili. Njia inayofaa ni mwalimu awe na kipande chake mwenyewe. Afanye hatua moja kwa kasi ya kawaida bila kusema neno, aifanye tena polepole akieleza, kisha aache. Mwanagenzi afanye hatua hiyohiyo kwenye kipande chake. Mwalimu hakigusi kipande cha mwanafunzi, hata kikiharibika mbele ya macho yake, isipokuwa kuna hatari.

Ni vigumu kuliko inavyosikika. Fundi mzuri huwashwa mikono anapoona pigo baya. Lakini akiichukua nyundo "kurekebisha kidogo tu", mwanagenzi anapeleka nyumbani kulabu ya fundi, na anajua hivyo.

Rekebisha jambo moja kwa wakati. Ukimwambia mtu abadilishe mkao, ashike mpini mbali zaidi, aangalie rangi na asipige kwa nguvu, atasahau yote manne. Chagua lenye madhara makubwa zaidi, na kwa anayeanza huwa ni mkao au kuchelewa kurudi motoni. Muulize pia anaona nini kabla ya kumwambia unachokiona wewe. Akisema "imepinda kushoto", ameshaanza kujifunza bila wewe.

Hatua ya 7: Baada ya kulabu

Ukifika mkutano wa tatu au wa nne, wapeni wanagenzi tupa na kipande cha flatibaa wakifanye kiwe mraba kamili. Tupa hukata ikisukumwa mbele. Inaporudi iinuliwe kidogo. Kupaka chaki kwenye meno yake huzuia vipande vya chuma kukwama. Kazi hii huwachosha wengi, na sioni sababu ya kuwaficha. Wapeni nusu saa kwa mara moja, si siku nzima.

Kutoboa na kukata hesi, yaani meno ya skrubu ndani ya tundu, kunafuata. Kwa chuma laini, kasi ya mita 25 kwa dakika kwenye ukingo wa biti ni mwanzo mzuri, yaani mizunguko 800 hivi kwa biti ya milimita 10 na 1,600 kwa ya milimita 5. Wanaoanza karibu wote hutumia kasi kubwa mno na kuichoma biti. Kwa hesi ya kawaida ya M6 toboa milimita 5, M8 toboa 6.8, M10 toboa 8.5. Tia mafuta, zungusha mbele nusu mzunguko, rudisha kidogo ili kuvunja unyuzi, endelea.

Kuchomelea kuwe na siku yake. Anayeanza apewe vijiti vya aina ya 6013, milimita 2.5, na ampea 70 hadi 90 kwenye bamba la milimita 5 au 6. Kioo cha barakoa kiwe namba 10 au zaidi, na anayetazama naye awe na barakoa yake. Mwali wa umeme huunguza macho bila maumivu ya papo hapo. Maumivu, kama ya mchanga machoni, husikika usiku. Achore mishono iliyonyooka juu ya bamba mpaka ajue kuweka ncha ya kijiti umbali usiozidi unene wake, kisha ndipo aunganishe vipande viwili kwa pembe, mshono upande mmoja tu. Kipande hicho kikipoa kibanwe kwenye jiliwa na kuvunjwa kwa nyundo. Mshono unaong'aa juu unaweza kuwa umeshika upande mmoja tu ndani, na hakuna maelezo yanayomwingia mtu kama kuuona ukiachia. Kazi inayobeba uzito wa binadamu, kama ngazi au trela, isitoke mikononi mwa anayeanza.

Hatua ya 8: Vifaa, fedha na watu

Makaa, diski, vijiti na gesi huisha, na vikilipiwa na mtu mmoja ugomvi hauko mbali. Kila anayekuja achangie kiasi kilekile cha siku, au alete kitu cha thamani hiyo. Vikundi vya wahunzi wa Marekani vina desturi ninayoipenda, chuma ndani ya kofia: kila mtu huleta kitu, iwe koleo alizozifua au fito nzuri, watu hununua tiketi, vitu hugawanywa kwa bahati nasibu na fedha huingia mfuko wa kikundi. Anayeanza huondoka na kifaa, mjuzi hupunguza rundo lake.

Vifaa vinavyoazimwa viandikwe kwenye daftari, jina na tarehe ya kurudisha, hata mkopaji akiwa rafiki wa utotoni. Grenda na mashine ya kuchomelea zisiazimwe kwa asiyeonekana akizitumia salama. Watoto waje na mzazi au mlezi anayebaki hapo muda wote.

Atakuja pia yule anayejua kila kitu, anayemkatiza mwalimu na kumwambia mwanagenzi kwamba njia yake ni bora. Mpeni moto wake na wanagenzi wake wawili siku inayofuata. Akiweza, mmepata mwalimu. Asipoweza, atanyamaza.

Kabla ya kufunga, mmoja abaki akiangalia cheche zilizojificha kwa saa nzima baada ya kazi ya mwisho ya moto, na jivu liwekwe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko. Zamu hiyo ipangwe asubuhi, maana jioni kila mtu ana haraka. Kikundi kikizidi watu kumi na wawili, washeni moto wa pili mahali pengine badala ya kubanana, na wa moto huo wa pili wachague siku yao wenyewe.